Je, Mtoto Mchanga Ana Haja ya Darasa la Muziki?

Miezi mitatu iliyopita tulipokea barua kutoka kwa msomaji wetu mmoja anayeishi Kanada, alikomfuata mume wake aliyekwenda huko kwa masomo. Mama huyu alijifungua mtoto wake wa kwanza huko huko ugenini, mwezi wa Septemba. Mama yake mzazi hakupata viza, na mama mkwe wake ni mtu wa kuumwa miguu, hasafiri. Basi arobaini yake aliimaliza pamoja na mume ambaye asubuhi huenda chuoni na jioni hurudi amechoka. Alipotoka arobaini akakuta theluji imeanza kuanguka, naye akarudi ndani akakaa humo hadi mwezi wa Aprili.

Wakati anatuandikia, mtoto alikuwa na miezi minane. Muuguzi wa kliniki alimwambia kwamba katika jumba la jumuiya lililo mtaa wa pili kuna darasa la muziki la watoto wachanga kila Jumanne asubuhi, akamshauri aende na mwanawe. Ada si kubwa, lakini kwa familia inayoishi kwa posho ya mwanafunzi kila senti ina kazi yake. Kwa hiyo alituuliza mambo mawili. Kwanza, mtoto asiyeweza hata kusimama atafundishwa muziki gani, kama si kutupa pesa? Pili, je, asipompeleka, mwanawe ataachwa nyuma na wenzake wanaopelekwa?

Maswali hayo tungeweza kuyajibu kwa aya mbili tukaendelea na kazi nyingine. Lakini chini kabisa ya barua, baada ya sahihi yake, aliongeza mstari mmoja, kama mgeni aliyekwisha kuaga, akafika mlangoni, kisha akageuka. Alisema kwamba tangu mtoto azaliwe hajamwimbia hata mara moja. Sauti haitoki, na anaona haya kujisikia akiimba peke yake ndani ya nyumba iliyo kimya.

Kwa ajili ya mstari huo tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu.

Darasa lenyewe likoje

Akina mama wengi wakisikia maneno "darasa la muziki" huona mbele yao piano, mwalimu mkali, na mtoto aliyenyooshwa mgongo akisoma nota. Darasa la watoto wachanga halifanani na hayo hata kidogo. Ukiingia utaambiwa uvue viatu. Utakuta kapeti au mikeka, na akina mama wanane au kumi, na siku hizi akina baba wawili watatu, wameketi chini kwa mduara, kila mmoja na mtoto wake mapajani. Mwalimu naye yuko chini pamoja nao. Pengine ana gitaa, pengine hana chochote ila sauti yake.

Huanza kwa wimbo wa kusalimiana, ambao ndani yake hutajwa jina la kila mtoto, mmoja baada ya mwingine, na wote humtazama anayetajwa. Hufuata nyimbo za kumrusharusha mtoto magotini, nyimbo za kugusa pua na vidole vya miguu, na michezo ya kujificha nyuma ya kitambaa na kuchungulia. Kisha kapu la vyombo hutolewa: kayamba, njuga, vijiti, vigoma vidogo. Mtoto wa miezi minane akipewa kayamba hulitia mdomoni. Hakuna anayemkemea. Kwa umri wake, mdomo ndio mkono wa kujulia vitu. Baadaye wote husimama, watoto wakabebwa, wakacheza dansi kuzunguka chumba. Mwisho mwisho taa hupunguzwa, ikaimbwa bembelezi moja au mbili, na wimbo wa kuagana. Yote hayo huchukua kama dakika 45, na kwa kawaida nyimbo zile zile hurudiwa wiki baada ya wiki, kwa sababu mtoto hapendi kipya kama anavyopenda anachokijua.

Mtihani hauko, wala siku ya kuonyesha wageni kazi ya watoto. Mtoto akilala, amelala. Akitambaa hadi mlangoni, mama humfuata akiendelea kuimba. Wapo watoto ambao kwa wiki nyingi hukaa mapajani wamekodoa macho tu, hawapigi makofi wala hawatoi sauti, na mama zao huona aibu kana kwamba mtoto amewavunjia heshima. Walimu wenye uzoefu watawaambia wasijali, kwani mtoto wa namna hiyo mara nyingi huyatoa yote aliyoyaona akiwa nyumbani, ndani ya beseni la kuogea.

Mwanzo wa madarasa haya hautokani na mtu mmoja. Huko Uswisi, Émile Jaques-Dalcroze (1865–1950) aliwafundisha wanafunzi wake kuujua muziki kwa mwili wote, kwa kutembea na kuruka, kabla ya kuuandika. Huko Ujerumani, Carl Orff (1895–1982) aliunganisha wimbo, maneno, ngoma na mwendo. Katika Hungaria, mtunzi Zoltán Kodály (1882–1967) alishikilia kwamba chombo cha kwanza cha mtoto ni koo lake, na kwamba nyimbo za kuanzia ziwe zile za watu wake mwenyewe, katika lugha ya mama yake. Husimuliwa kwamba Kodály alipoulizwa elimu ya muziki ianze lini, alijibu kuwa ianze miezi tisa kabla ya mtoto kuzaliwa. Baadaye akajisahihisha: miezi tisa kabla ya kuzaliwa mama yake! Mwanamke wa Kihungaria, Katalin Forrai (1926–2004), aliyachukua mawazo hayo akayapeleka kwa watoto wa chekechea, na kazi yake ikajulikana ulimwenguni hata akawa rais wa Chama cha Kimataifa cha Elimu ya Muziki. Kutoka katika mizizi kama hiyo ndipo yalipochipuka madarasa ya mama na mtoto yanayojulikana sasa katika nchi nyingi. Mojawapo ya yale yaliyoenea sana, Music Together, lilianzishwa mwaka 1987 katika mji wa Princeton, Marekani, na ndani yake mtoto mchanga na ndugu yake wa miaka minne hukaa mduara mmoja.

Bibi zetu hawakumsikia Kodály. Hata hivyo, mtu akituambia kwamba watoto wa umri mbalimbali wamekaa mduara mmoja pamoja na watu wazima, wanaimba, wanapiga makofi na kutikisa manyanga, sisi hatuulizi jambo hilo lilivumbuliwa wapi. Tofauti ni kwamba zamani uwanja ulikuwa mmoja na bibi, shangazi na majirani walikuwa humo humo. Mama aliye peke yake katika ghorofa ya tano hana uwanja, na darasa la Jumanne ni uwanja anaoulipia.

Yaliyopimwa na yaliyovumishwa

Je, lina faida? Hapa inatupasa kuwa waangalifu, maana katika jambo hili maneno ya wauzaji ni mengi kuliko ya wataalamu.

Tuanze na uvumi wenyewe. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani waliandika kwamba wanafunzi 36 wa chuo, baada ya kusikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10, walifanya vizuri zaidi kidogo katika zoezi la kuwazia maumbo ya vitu. Nguvu hiyo haikupita robo saa. Na angalia, hao walikuwa watu wazima, si watoto wachanga. Lakini habari ilivyotoka mdomo hadi mdomo ikawa kwamba mtoto akipigiwa Mozart atakuwa na akili nyingi. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa namna hiyo. Zikafuata kanda, sahani na video za watoto, na wazazi wakanunua kwa pupa. Mwaka 2009 kampuni ya Disney, iliyokuwa ikimiliki video za Baby Einstein, ilikubali kuwarudishia pesa wazazi walioona hawakuridhika.

Sasa tuje kwenye kupima kwa kweli. Katika mji wa Hamilton, nchini Kanada, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster waliwachukua watoto wa miezi sita pamoja na wazazi wao wakawagawa katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilikutana mara moja kwa wiki, saa nzima, kwa miezi sita: wazazi na watoto waliimba bembelezi na nyimbo za michezo, walipiga vyombo kwa zamu, na waliombwa kuzirudia nyimbo hizo nyumbani. Kundi la pili nalo lilikutana kwa muda ule ule, lakini watoto walichezea vitu vya kuchezea huku muziki uliorekodiwa, wa aina hiyo hiyo ya Baby Einstein, ukilia chumbani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Walipofikisha mwaka mmoja, watoto walioimba na wazazi wao waliutambua wimbo uliopigwa sawasawa na ule uliotiwa sauti zisizopatana. Hilo si ajabu. Lililotugusa sisi ni jingine: watoto hao walitabasamu zaidi, walikuwa wepesi zaidi kubembelezeka walipofadhaika, na waliwatangulia wenzao katika kuonyesha kitu kwa kidole na kupunga mkono wa kuaga.

Tafadhali msomaji litafakari hilo kidogo. Makundi yote mawili yalisikia muziki, na yote mawili yalikuwa na mama chumbani. Kilichowatenganisha ni kwamba upande mmoja muziki ulitoka kwa mama, na upande wa pili ulitoka ukutani.

Katika chuo hicho hicho, mwaka 2014, lilifanywa jaribio jingine ambalo mama yeyote aliyewahi kubeba mtoto kwa kitenge atalielewa upesi. Mtoto wa miezi 14 alibebwa na mtu mmoja akarushwarushwa kwa mwendo wa muziki, naye mgeni akasimama mbele yake akidunda kwa mwendo ule ule. Kwa watoto wengine, mgeni alidunda kwa mwendo usiolingana. Baadaye mgeni alijifanya kuangusha vitu asivyoweza kuvifikia. Watoto waliodunda sawa naye ndio waliojongea zaidi kumwokotea. Mtoto ambaye hajui hata kusema neno "rafiki" alikwisha kumhesabu kuwa wake yule aliyekwenda naye mwendo mmoja.

Lakini kwa haki tuwape wasomaji na upande wa pili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha majaribio mawili waliyoyafanya kwa watoto wa miaka minne na wazazi wao. Wengine walipelekwa darasa la muziki kwa wiki sita, wengine darasa la uchoraji na ufinyanzi, wengine hawakupelekwa popote. Walipopimwa katika lugha, hesabu na kuwazia maumbo, haikuonekana faida ya kudumu kwa wale wa muziki. Kwa hiyo mwalimu yeyote anayekuahidi kwamba mtoto wako ataongoza darasa la kwanza kwa sababu alitikisa kayamba akiwa na miezi minane, mshukuru, uondoke na mkoba wako.

Hivyo swali la pili la dada yetu wa Kanada tulilijibu bila kusita: hapana, mtoto hataachwa nyuma. Hizi si mbio. Darasa ni zuri kama chakula cha pamoja kilivyo kizuri; aliyekula nyumbani kwake hakulala njaa.

Kwa mama mwenyewe

Tulipofika hapa ndipo tulipoanza kuona kwamba huenda muuguzi yule hakuwa akimfikiria mtoto tu.

Mwaka 2018 watafiti wa London walitangaza habari za akina mama 134 waliokuwa na dalili za sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Waligawanywa mara tatu. Wengine waliendelea na huduma zao za kawaida, wengine walikusanyika na watoto wao kucheza, na wengine walikusanyika kuimba, saa moja kila wiki kwa wiki kumi. Waimbaji walikaa chini na watoto wao, wakajifunza nyimbo kutoka nchi mbalimbali, wakatunga na zao. Makundi yote yalipata nafuu kadiri muda ulivyopita. Lakini miongoni mwa waliokuwa wameelemewa zaidi, walioimba walipata nafuu mapema kuliko wengine: katika wiki sita za kwanza dalili zao zilipungua kwa karibu asilimia 35. Kwa mama aliye shimoni, wiki nne za mapema si kitu kidogo, wala kwa mtoto anayetazama uso wake.

Tunajua wapo watakaosema kwamba huzuni ya mzazi ni udhaifu wa imani, au ni kudekezwa na mumewe. Hatukubaliani nao, na tungewaomba wasiseme hivyo mbele ya mzazi. Kulia-lia katika siku chache za kwanza ni jambo la kawaida, hupita lenyewe. Lakini ikiwa wiki mbili zimepita na mama bado analia bila sababu, halali hata mtoto anapolala, chakula hakimpiti, hafurahii kitu, au anamtazama mtoto wake kama wa mtu mwingine, huyo aende hospitali, na asiende peke yake. Akianza kusema kwamba afadhali afe, au akaogopa kwamba atamdhuru mtoto, apelekwe siku hiyo hiyo. Wimbo hauchukui mahali pa mganga. Ni kama uji wa mgonjwa, unaokwenda pamoja na dawa.

Tulimwandikia dada yetu hivyo hivyo, tukamwomba amweleze muuguzi kuhusu ule mstari wa chini ya sahihi.

Sauti ipi, lugha ipi

"Mimi sina sauti." Maneno haya tumeyasikia kwa akina mama wengi, hata kwa wale wanaoimba kanisani kila Jumapili kwa kujificha nyuma ya waimbaji wenye sauti kubwa. Mtoto mchanga si mwamuzi wa mashindano ya kwaya. Ameisikia sauti yako akiwa tumboni katika miezi ya mwisho, na mwaka 1980 iliandikwa kwamba watoto wenye umri wa siku chache tu walinyonya chuchu ya mpira kwa namna ya kuchagua kusikia sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Sauti unayoionea haya ndiyo aliyoichagua yeye.

Wala usihangaike kwamba hujui nyimbo za Kiingereza. Huko Montreal, Kanada, watoto wa miezi sita hadi tisa walisikilizishwa sauti ya mtu ambaye hawakumwona, wakati mwingine akiongea, wakati mwingine akiimba, tena kwa Kituruki, lugha ambayo hawakuijua. Kwa maongezi walivumilia kama dakika nne kabla ya kuanza kulia. Kwa wimbo walivumilia kama dakika tisa. Mama anayechemsha uji na mtoto yuko sakafuni anajua thamani ya dakika tano! Ikiwa wimbo wa Kituruki uliweza hivyo, wimbo wa Kinyakyusa, wa Kichaga au wa Kiswahili uliokubembeleza wewe unahitaji ruhusa ya nani? Kwa mama aliye ugenini tungeongeza kwamba lugha ya nyumbani hupotea kwanza katika vitu vidogo kama hivi.

Wimbo wa kanisani unafaa, ukiimbwa polepole. Wimbo wa kutwanga unafaa. Kama maneno umeyasahau, tia jina la mtoto mahali palipopotea, uendelee.

Kama hakuna darasa karibu nawe

Wengi wa wasomaji wetu hawana jumba la jumuiya mtaa wa pili. Wanayo lakini majirani, na siku moja ya wiki ambayo kila mtu anaweza kuiachilia saa moja. Akina mama watano na mkeka vinatosha. Achaguliwe mmoja wa kuanzisha nyimbo, asiwe lazima mwenye sauti nzuri, awe tu asiyeona haya. Anzeni na wimbo wa kutaja majina, malizeni na bembelezi, na katikati fanyeni mnayoyajua. Msibadilishe nyimbo kila wiki. Simu zikae mkobani. Kumpiga picha mtoto anayecheza ni kuacha kucheza naye, na Shirika la Afya Duniani katika miongozo yake ya mwaka 2019 lilisema kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa.

Vyombo ni vya jikoni: sufuria na mwiko, debe, vifuniko viwili. Kayamba la chupa ya plastiki ni rahisi kutengeneza, lakini hapa tunaomba usikivu. Maharage, mahindi na kokoto ndogo ni vitu vinavyoweza kumpalia mtoto na kumziba pumzi. Kifuniko kisifungwe kwa mkono tu, kigundishwe kwa gundi na kuzungushiwa utepe mgumu, na kila mara kabla ya kumpa mtoto kikaguliwe. Chupa iliyopasuka itupwe siku hiyo hiyo. Mtoto akishika kayamba, mtu mzima awe anamtazama.

Jambo jingine wengine hawatalipenda. Spika. Tumewaona akina mama wakinyonyesha hatua mbili kutoka kwenye spika kubwa, katika harusi, katika mikutano, na kanisani pia. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, na vikiharibiwa na kelele haviota tena. Kipimo chepesi ni hiki: kama unalazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, hapo si mahali pa mtoto. Ondoka ukakae nyuma, hata kama wewe ni mke wa mwenyekiti. Na kwa kuwa tumetaja masikio, mama anayemwimbia mtoto kila siku hupata pia nafasi ya kumjua. Mtoto wa miezi sita au saba asiyegeuka kutafuta sauti ya mama iliyo nyuma yake apelekwe akapimwe masikio. Usingoje hadi achelewe kusema.

Kwa wale walio mijini, ambako darasa lipo na ada ipo, tungesema nenda siku moja kutazama kabla hujalipa. Tazama mwalimu anafanya nini mtoto anapoacha kumsikiliza. Ukiona mama wako pembeni wanaongea na mwalimu ndiye anayewatumbuiza watoto, au ukiona muziki wote unatoka kwenye mashine, hifadhi pesa zako ununue mkeka.

Barua ya pili

Dada yetu ametujibu wiki iliyopita. Alikwenda kwa muuguzi kwanza, akamweleza, naye akampeleka kwa daktari, na sasa anaonana naye kila baada ya wiki mbili. Darasani amekwenda Jumanne tano. Anasema wiki ya kwanza alikaa karibu na mlango na hakufungua mdomo. Wiki ya pili mwanamke mmoja mwenye mapacha, ambaye naye hakuwa mwenyeji, alimpa pacha mmoja amshikie, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na mtoto akajikuta anawapembeza wote wawili na mdomo ukafuata wenyewe. Wiki ya nne mwalimu aliuliza kama kuna mwenye bembelezi ya kwao. Hakuinua mkono. Anasema labda mwezi ujao.

Mwanawe bado hajapiga makofi hata mara moja darasani. Hukaa mapajani akamkodolea macho mwalimu kama karani anayehesabu mizigo. Lakini Alhamisi usiku, akiwa ndani ya beseni, mama yake alipoanza wimbo ule ambao mama yake mwenyewe alikuwa akimwogeshea huko Tukuyu, mtoto aliinua mikono yote miwili akaipiga maji, akangoja, akamtazama mama usoni ili aendelee. Baba alitoka chumbani kuuliza maji yanamwagikia nini. Wakamwambia akae chini naye aimbe.